Viazi Kwenye Kiti cha Dereva

Odhrán aliishusha Corolla yake sentimita sita,
akakata springi, akaichuchumaza
mpaka tumbo likawa linanusa lami ya Ardara,
kisha akaniletea tairi mbili, moja kila mkono,
kama mtu aliyebeba paka wafu.
"Maili elfu nne tu, Róise. Elfu nne!"

Nikapitisha kiganja. Kutoka ndani kwenda nje, laini;
kurudi, meno ya msumeno.
Ukingo wa nje bado una vinyweleo vya kiwandani,
ukingo wa ndani nyuzi za chuma zinachungulia.
Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia,
naye akatazama nguo zake.

"Ni ule mlalo," akasema, "kila mtu anasema mlalo."
Ni kweli, magurudumu yalikuwa yameegemeana vichwa
kama walevi wawili wanaosindikizana nyumbani.
Lakini mlalo humega polepole, kwa adabu.
Mwizi ni vidole:
gari lilishuka, tairodi zikabaki na urefu wake ule ule,
zikayasukuma magurudumu yatazame nje,
moja baharini, moja mlimani,
nawe ukawa unayaburuta maili elfu nne
kama mbuzi anayejua njia ya buchani.

Sina mashine ya miale.
Nina stendi nne, uzi wa nailoni, rula ya chuma, pimamaji,
na vigae vya bafuni, viwili viwili, grisi katikati,
ili gurudumu ligeuke bila kinyongo.
Na gari hupimwa likiwa na mtu wake ndani.
"Una kilo ngapi?"
"Sabini na mbili."
Nikapakia viazi kiti cha kulia, gunia na nusu na ndoo,
nikavifunga mkanda, kwa mazoea.
Kwa mazoea vilevile nikazunguka kushoto na gunia la pili,
maana tangu mwaka juzi kiti kile hakikuwahi kuwa kitupu:
Muireann, kilo hamsini na kitu, nyayo juu ya dashibodi,
chipsi zake zikinuka siki gari zima.
Nikapiga magoti, nikapima, nikaandika kwa chaki sakafuni.

"Hilo toa," akasema Odhrán.
"Lipi?"
"La kushoto."
Mvua ilikuwa inalipiga bati.
"Glengesh siku hizi napita peke yangu."

Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa,
ila chuma hakijasoma methali.
Nilipolitoa gunia, upande wa kushoto uliinuka milimita nne.
Nikaandika 4.
Sikuandika jina.

Kisha kazi. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule,
nati iliyooza chumvi ikilia
kama mtoto anayeoshwa masikio.
Mlalo nikautoa digrii tatu, nikauleta moja na nusu.
"Haitakuwa kali tena," akanung'unika.
Kwenye picha, ndiyo, haitakuwa.
Lakini kona ya tatu ya Glengesh, lami imelowa,
kondoo kajilaza katikati kama mwenye hati ya barabara,
hapo tairi inataka kukanyaga kwa wayo mzima.
Vidole nikavinyoosha, uzi ukagusa mbele, ukagusa nyuma,
nikaacha nafasi ya unywele
kwa sababu bushi zake zimezeeka na hujilegeza zikikimbia.
Usukani nikaufunga kwa ubao usicheze.
Nikapima tena. Nikapima tena.

Viazi nikavishusha, akaingia mwenyewe.
Alikwenda mpaka kanisani na kurudi, dakika kumi,
akazima injini, asishuke.
"Haivuti tena kushoto," akasema.
Halafu akasema tena, chini zaidi,
mkono wa kushoto ukiwa umelala kwenye kile kiti:
"Haivuti."

Akanilipa noti zilizolowa.
Nikafuta hesabu zangu kwa soli ya kiatu.
Zote zilitoka,
ila ile 4, niliyoikandamiza mno,
wiki nzima magari yaliikanyaga.